Kabla hujalipia simu, itoe nje juani, kisha ipeleke kwa mama

Magunia 40 ya karoti yalilala Mombo usiku kucha kwa sababu simu yangu ilikuwa haipatikani. Simu yenyewe nilikuwa nayo mkononi. Ina chaji, ina salio, na juu ya kioo inaonyesha mistari mitatu ya mtandao. Fuso lilikatika propela saa kumi na mbili jioni, dereva akaanza kunipigia. Mimi niko Lukozi, juu milimani Usambara, kwa mama, nimekaa jikoni namenya viazi, najua mzigo unakaribia Chalinze. Kila akipiga anaambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Nilikuja kujua saa tatu asubuhi, nilipopanda barabarani kusubiri gari la pili, meseji zikamiminika zote kwa mpigo. Karoti zilizooshwa, zikishinda ndani ya gunia kwenye joto la Mombo, hazimsubiri mtu. Zinaanza kutoa utelezi. Mteja wangu wa Ilala alikuwa ameshachukua kwa mwingine. Nikauza kwa bei ya kutupa.

Simu hiyo nilikuwa nimeinunua wiki mbili kabla, Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa pesa niliyojinyima miezi. Niliichagua kwa ajili ya kioo. Muuzaji alinifungulia video ya samaki wa baharini, rangi zinawaka mpaka unatamani kuwagusa, na mimi sikuuliza kingine chochote. Jinsi inavyoshika mtandao sikuuliza. Niliamini simu ni simu, mtandao ni kazi ya mnara.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kupima. Ndugu akija na simu mpya naiomba dakika kumi, naingiza laini yangu, nazunguka nayo nyumba ya mama. Mdogo wangu ni fundi simu Tanga mjini, na mengi ya kitaalamu utakayoyasoma hapa amenifundisha yeye, mengine tumeyathibitisha pamoja pale pale kijijini. Ninaandika kwa ajili ya mtu kama mimi, ambaye simu ndiyo duka lake na ndiyo benki yake.

Nianze na kioo, kwa kuwa ndicho kinachotuvuta kwanza.

Dukani kuna kivuli na taa za umeme. Humo ndani simu zote zinang'aa, ya laki mbili na ya laki nane. Tofauti inajitokeza saa saba mchana ukiwa umesimama sokoni, jua la utosi, vumbi, mkulima mbele yako anasubiri umtumie hela yake. Jua la Usambara lina udanganyifu wake: hewa ni ya baridi, unavaa sweta, lakini mwanga ni mkali kuliko wa Dar. Siku moja nilikuwa na simu ya bei ndogo ambayo juani inageuka kioo cha kujitazamia. Nimeinamisha kichwa, nimeweka kiganja juu, najaribu kusoma namba ya mkulima niliyoiandika. Tarakimu ya mwisho ilikuwa 3, nikaiona 8. Jina la mpokeaji lilitokea, kama linavyotokea siku zote kabla hujathibitisha, ila sikuliona vizuri na nyuma yangu watu wanapiga kelele za mizani. Nikaweka namba ya siri. Shilingi 380,000 zikaenda kwa mtu nisiyemjua. Zilirudi baada ya siku tano za kupiga simu na kubembeleza, na siku hizo tano mkulima yule aliniangalia kama tapeli.

Kwa hiyo ninaposema kioo kizuri, mimi nina maana ya kioo kinachosomeka juani. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Kwa macho yangu, chini ya niti 500 juani unabahatisha. Kwenye 600 unasoma ukijikinga na kiganja. Kuanzia 800 unasoma umesimama wima bila kutafuta mti. Namba hii inaandikwa kwenye maelezo ya simu mtandaoni hata kama boksi limenyamaza. Redmi 13C, kwa mfano, inatajwa kuwa na niti 450 za kawaida, zikipanda mpaka 600 juani. Samsung Galaxy A15 inatajwa kufika 800. iPhone 11, ambayo bado imejaa mikononi mwa watu, ni 625. Redmi Note 13 inatajwa 1800, lakini hapo tulia kidogo: hizo ni za kilele, yaani mwanga ambao kioo kinaweza kuutoa kwenye sehemu ndogo au kwa muda mfupi. Ukilinganisha simu mbili, linganisha kilele kwa kilele, kawaida kwa kawaida. Wauzaji wengi wanakutajia ile kubwa tu.

Hapa kuna jambo ambalo ningelijua mapema ningepunguza matatizo yangu nusu. Simu nyingi hazitoi mwanga wake wote ukivuta mwenyewe ule mstari wa mwanga mpaka mwisho. Mwanga wa ziada wa juani unafunguka pale tu ulipowasha mwanga wa kujirekebisha wenyewe, ambapo kihisi cha simu kinaona jua na kusukuma kioo zaidi. Mimi nilikuwa nimeuzima huo ili kutunza betri. Kama simu yako inakusumbua juani, kabla hujafikiria kununua nyingine, nenda kwenye mipangilio ya kioo, uwashe, kisha toka nje usubiri kama nusu dakika. Angalia na protekta yako. Zile nyeusi za kuzuia jirani asichungulie zinakula mwanga, na zile zisizoteleza, zenye ukungu, nazo zinafifisha. Na ukiwa umevaa miwani ya jua, igeuze simu iwe wima na ilale ubavu ujaribu: kuna miwani ambayo upande mmoja inafanya kioo kiwe cheusi kabisa na upande wa pili unaona vizuri.

Halafu kuna aina ya kioo chenyewe. Ziko mbili kubwa. LCD, ambayo wengine wataiita IPS, PLS au TFT, ina taa nyuma yake inayowaka muda wote. AMOLED haina taa ya nyuma. Kila nukta inajiwakia yenyewe, na palipo na weusi nukta zimezimwa. Ndiyo maana weusi wa AMOLED ni weusi wa chungu, na wa LCD ni kijivu. Kama muuzaji anakuambia ni AMOLED na huna uhakika, fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga, ingiza simu ndani ya mkoba au chini ya kanga uchungulie. Ikitoa mwanga wa kijivu, ni LCD.

Sasa, jina la kampuni halikuambii kioo ni cha aina gani, na hapa ndipo watu wengi tunapotea. Mtu anasema "mimi Samsung tu, vioo vyao ndiyo vioo". Lakini Galaxy A05 ni Samsung na ina LCD ya pikseli, yaani nukta za kioo, 720 kwa 1600, na A15 ni Samsung na ina Super AMOLED ya 1080 kwa 2340. Ziweke pembeni kwa pembeni, usome meseji ndefu, utaona herufi za moja zina kingo laini na za nyingine zimekatika katika. Tecno vivyo hivyo: Camon 20 ni AMOLED, Spark 10 ni LCD. Linganisha toleo kwa toleo. Mpenzi wa kampuni fulani akikuambia kampuni yake ni bora, muulize toleo gani.

Kuhusu ile hezi 60, 90 au 120, ambayo ni mara ngapi kioo kinajichora upya kwa sekunde moja, mimi sijawahi kuihitaji. Ukicheza magemu, itafute.

Kitu cha kuzingatia zaidi ni siku kioo kitakapopasuka, kwa sababu kitapasuka. Kioo cha AMOLED halisi ni ghali kukibadilisha, na ndipo fundi anapokupa cha bei nafuu. Mara nyingi kitakuwa cha LCD kilichokatwa kwa umbo la simu yako: kinene kidogo, kimejitokeza kwenye kingo, juani kinafifia, betri inaisha haraka, na kama simu yako ilikuwa na alama ya kidole ndani ya kioo, haitasoma tena, kwa sababu mwanga wa kusomea kidole haupiti kwenye LCD. Mdogo wangu huwa anawaambia wateja wazi kabla hajafungua parafujo. Siyo wote wanaosema. Ukinunua simu iliyotumika, kuna uwezekano mkubwa kioo chake ni cha pili. Kwa iPhone 11 na kuendelea, sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za simu huandika kama kioo si halisi. Kwa Samsung nyingi, piga *#0*# itafunguka kurasa ya majaribio. Bonyeza nyekundu, kijani na bluu moja moja, uangalie kama kuna doa, mstari, au kivuli cha vitufe vilivyoganda.

Hayo ya kioo yanatosha. Kioo ukikosea utaumia macho na siku moja moja utakosea namba. Mtandao ukikosea unapoteza gari zima.

Nirudi kwenye usiku ule wa Mombo. Kwa nini simu yenye mistari mitatu ilikuwa haipatikani? Mdogo wangu alipokuja kijijini wikendi iliyofuata, alichukua simu, akaingia kwenye mipangilio, habari za simu, hali ya laini, akanionyesha namba niliyokuwa sijawahi kuiona: −117 dBm. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya mtandao. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo imara. Kwa 4G, −80 ni safi kabisa, −100 unaongea vizuri, ukifika −110 umeanza kuning'inia, na −117 uko ukingoni. Na usione tofauti ya 10 ni ndogo: kila ukishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kati ya −97 na −117 umepoteza mara mia.

Mistari mitatu ilitoka wapi basi? Mistari ile kila kampuni inajipangia. Hakuna kipimo kimoja kinachosema mistari mitatu ni nguvu kiasi gani. Mwaka 2010 Apple walipotoa iPhone 4, watu walilalamika kwamba ukiishika kwa kuziba kona ya chini kushoto mtandao unaporomoka. Mwezi Julai mwaka huo kampuni yenyewe ilikiri kwamba hesabu yake ya kuonyesha mistari ilikuwa na makosa, inaonyesha mingi kuliko nguvu iliyopo, na baadaye ikawagawia wateja kava bure, kwa sababu mkono ulikuwa unagusa antena iliyozunguka ukingo wa simu. Mpaka leo antena ziko kwenye kingo, na kava la chuma bado linaziba mawimbi.

Tulijaribu sisi wenyewe. Simu tatu za kampuni tatu, laini ile ile, dirisha lile lile la magharibi, moja baada ya nyingine. Iliyoonyesha mistari mitatu ilikuwa na −111. Iliyoonyesha mstari mmoja ilikuwa na −104. Yaani yenye mstari mmoja ndiyo ilikuwa inashika vizuri zaidi. Majina ya kampuni nayaacha, kwa kuwa dirisha moja la mama yangu halitoshi kuihukumu kampuni nzima. Ila wewe ukitaka kulinganisha simu na simu, funga macho kwenye mistari, linganisha dBm, laini moja, mahali pamoja, dakika zile zile. Kwa iPhone, piga *3001#12345#* utaingia kwenye ukurasa wa vipimo.

Bado kuna jambo la pili, na ndilo lililonikosesha usingizi nilipolielewa. Simu nyingi na laini nyingi zinapokuwa kwenye 4G hazipokei simu ya sauti kwenye 4G hiyo. Mtu akikupigia, mtandao unaiambia simu yako ishuke kwanza kwenye 3G au 2G, ndiyo iite. Mahali penye mtandao mzuri huoni kitu, labda sekunde chache. Bondeni, simu iking'ang'ania 4G ya −117, agizo la kushuka linapotea njiani, au simu inashuka na kutafuta mpaka anayepiga anakata tamaa. Wewe unaona mistari, yeye anaambiwa hupatikani. Ili kukwepa hilo unahitaji VoLTE, ambayo ni sauti ndani ya 4G yenyewe, na hiyo inataka vitu vitatu vikubaliane: simu, laini na kampuni ya mtandao. Simu inaweza kuwa na uwezo huo lakini kampuni ya mtandao haijaiwashia toleo hilo. Njia ya kujua ni rahisi: piga simu huku unaangalia juu ya kioo. Ikibaki 4G, unayo. Ikigeuka 3G, au H na E ambazo ni 3G na 2G, huna.

Dawa iliyonisaidia haikugharimu hata shilingi. Nikifika kwa mama, naingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, nachagua 3G na 2G tu, naacha 4G. Nikirudi Dar naiwasha. Simu ile ile iliyonilaza karoti Mombo ikaanza kuita vizuri kuliko zote. Intaneti inakuwa ya kujikongoja, lakini mimi kijijini nahitaji dereva anipate. Na betri inadumu, maana simu inayotafuta mtandao wa mbali inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi mchana kutwa.

Mama yeye muda wote huo alikuwa na kitochi chake, na kilikuwa kinaita. Nilikuwa nadhani ni bahati. Kumbe kina sababu. Kitochi cha 2G kwenye megahezi 900 kinaruhusiwa kurusha mpaka wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi, wakati simu janja kwenye 4G kwa kawaida inarusha wati 0.2 tu. Na mnara wa 2G, pakiwa wazi, umepangiwa kufika mpaka kilomita 35. Simu inahitaji kusikika na mnara kama inavyohitaji kuusikia, na kitochi cha mama kinasikika. Ndiyo maana hata leo mfukoni mwangu kuna kitochi.

Masafa nayo yana mchango wake. Mawimbi ya masafa ya chini, 700, 800 na 900, yanakwenda mbali, yanapinda kidogo kwenye vilima na yanapenya kuta. Ya juu, 1800, 2100, 2600, yanabeba intaneti nyingi lakini yanachoka mapema. Mjini minara imesongamana, hayo ya juu yanatosha. Mlimani unataka ya chini. Hili ni muhimu sana kwa anayenunua simu iliyotoka nje. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mitandao ya Marekani inaweza kukosa bendi 20, ambayo ndiyo 4G ya megahezi 800, au bendi 28 ya 700, kwa sababu 4G yao ya masafa ya chini wanaiweka kwenye bendi nyingine, 12, 13 na 71. Utaitumia Posta na Mlimani City kwa furaha, ukipanda Soni 4G inapotea na ya mwenzako ipo. Kabla hujalipa, chukua namba kamili ya toleo nyuma ya simu au kwenye mipangilio, itafute mtandaoni na neno bendi, uone kama 3, 8, 20 na 28 zimo. Uliza pia kama haijafungiwa kampuni fulani: weka laini yako, piga.

Na modemu, ile sehemu ya ndani inayozungumza na mnara, hubadilika hata ndani ya kampuni moja. iPhone XR, XS na 11 zina modemu ya kampuni ya Intel. iPhone 12 ilipotoka, Apple wakarudi kwa Qualcomm, kampuni nyingine ya modemu. iPhone 7 ilitoka za aina zote mbili. Sisemi uikimbie iPhone 11, mdogo wangu anatumia hiyo hiyo. Nasema uipime pale unapoishi kama simu nyingine yoyote, jina lisikupumbaze.

Nikiwa sokoni swali ninaloulizwa zaidi ni, "Dada, mtandao gani mzuri?" Siwezi kumjibu mtu bila kumuuliza analala wapi. Chukua ule mradi wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa kupeleka minara 758 vijijini, uliosainiwa Mei 2023. Minara iligawiwa kwa kampuni: Tigo, ambayo sasa ni Yas, 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104, Halotel 34. Kata yako ikiangukia kwa mmoja, huyo ndiye mwenye mnara karibu yenu, hata kama mjini hana sifa. Mbali na mradi huo, kuna minara ya zamani ambayo kila kampuni ilijenga kwa hesabu zake. Kwa mama, mtandao ninaoupenda Dar haufiki kabisa jikoni. Ule ambao Dar watu wanaubeza, kijijini ndio unaobeba biashara yote ya mboga. Bonde la pili, mwendo wa nusu saa kwa miguu, mambo yamegeuka.

Waulize mawakala wa pesa na vijana wa bodaboda wa eneo hilo. Wao wanaishi kwa kupigiwa, na hawana kampuni ya kutetea. Kisha azima laini, au nunua, gharama yake ni ndogo kuliko gunia moja la kabichi. Ingiza kwenye simu yako, lala nayo usiku mmoja, mtu akupigie saa moja jioni wakati kila mtu yuko hewani. Mtandao unaopita mtihani wa saa nane mchana unaweza kuzimia saa moja jioni. Ukiona umepata mwingine mzuri na unaogopa kupoteza namba uliyowapa wateja, tangu Machi 2017 Tanzania unaruhusiwa kuhama kampuni na namba yako ile ile.

Laini yenyewe nayo ikaguliwe. Laini ya miaka mingi inaweza kuwa ya kabla ya 4G. Ibadilishe dukani kwao, namba inabaki.

Kuna kisa kingine cha "haipatikani" ambacho kiliniudhi miezi bila kukijua. Natumia laini mbili kwenye simu moja. Wateja wa laini ya pili walikuwa wanalalamika kwamba nazima simu. Sizimi. Simu nyingi za laini mbili zina chombo kimoja cha kurushia mawimbi, kwa hiyo nikiwa naongea kwenye laini ya kwanza, ya pili inakuwa kama imezimwa mpaka nikate. Na mimi naongea sana, bei za karoti zinapatanishwa kwa nusu saa. Nilichofanya, kwenye kila laini nimeweka uhamisho wa simu pale isipopatikana: unapiga **62*, unaandika namba ya laini nyingine, unamalizia na #. Sasa anayepiga laini ya pili wakati naongea analetwa kwenye ya kwanza kama simu ya kusubiri. Uhamisho unakatwa salio kama simu ya kawaida, ujue hilo kabisa. Kuondoa ni ##62#.

Nyumba pia ina neno. Ya mama imeezekwa bati na kujengwa kwa tofali za kuchoma. Kitandani −117, dirisha la magharibi −106, na juu ya jiwe lililo nyuma ya banda la ng'ombe −92. Hatua 30 tu. Jiwe hilo tulikuwa tunalijua tangu zamani kwamba linashika. Vipimo vimetuonyesha ni kwa kiasi gani.

Mwisho wa ununuzi wowote, ukiwa bado hujatoa pesa, piga *#06#, namba ya tarakimu 15 itokee, itume kwa meseji kwenda 15090. Jibu lifanane na simu uliyoshika: jina la kampuni na toleo. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia nchi nzima na wengi walibaki na vipande vya plastiki. Na mwombe muuzaji mtoke nje ya duka, hatua tano tu, mwanga wa jua ukiangukia kioo. Anayekataa kutoka nje na simu yake, mimi naaga.

Siku hizi ninatembea na mbili: simu janja ya AMOLED kwa miamala na picha za mzigo, na kitochi chenye laini ya mtandao unaoshika Lukozi, namba hiyo ndiyo wanayo madereva wote. Mama nimempa simu janja iliyofungwa kwenye 3G na 2G, inakaa juu ya dirisha la magharibi, imeegemezwa kwenye kopo la maua. Ukimpigia, iache iite mpaka mwisho. Anatoka jikoni.